Wacera Hakuulizwa

Siku ya nne tangu Edah Nasambu ahamie katika nyumba yake mwenyewe, jiwe lilivunja kioo cha dirisha la sebuleni, likamchana sikio la kushoto, kisha likagonga ukuta aliokuwa ameupaka rangi kwa mikono yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi, na alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu. Kwa muda mfupi hakuelewa damu iliyokuwa ikidondoka ndani ya karai la maji ilikuwa ikitoka wapi.

Jiwe la pili lilitua juu ya mabati na kubingirika hadi ukingoni.

"Toka!" sauti ya mwanamke ilipaa kutoka nje. "Toka kwa shamba yangu kabla nikuchome humo ndani kama panya!"

Edah hakumjua mwanamke huyo. Alichungulia kwenye pengo la kioo, akamwona mama mnene kiasi, mwenye leso kichwani na mawe ndani ya aproni. Kando yake alisimama mwanamume wa miaka ishirini na kitu aliyeshika panga. Mwanamume huyo alikuwa tayari anautazama mlango kama mtu anayechagua mahali pa kuanzia kukata kuni.

Mtu mwingine angetoka kwa mlango wa nyuma na kukimbilia barabara ya Kitale. Edah hakukimbia, na sababu yake ni ya zamani.

Aliolewa Kamukuywa, upande wa Bungoma, na mwalimu aliyeitwa Barasa. Barasa alifariki kwa ugonjwa wa mapafu wakiwa hawajajaliwa mtoto. Miezi minane baada ya mazishi, mchana mweupe, mashemeji zake watatu walifika na majembe na kamba. Edah alikuwa jikoni akipepeta mahindi. Waling'oa mkonge wa mpakani, mche kwa mche, kisha wakaifunga ile kamba kwenye nguzo ya jikoni na kuivuta hadi paa likamwangukia. Alipotambaa nje na kuuliza kulikoni, shemeji mkubwa, Wekoye, alimwambia shamba limeuzwa na mwenyewe anakuja kesho.

"Limeuzwa na nani, nikiwa nimekaa ndani yake?" Edah aliuliza.

Wekoye alimpiga kwa mpini wa jembe. Mfupa wa mkono ukavunjika kwa sauti ambayo Edah anasema aliisikia kabla ya kusikia maumivu.

"Ulikuja hapa na sanduku moja," Wekoye alimwambia. "Beba hilo sanduku."

Alilibeba kwa mkono mmoja. Alifika Kitale, akapata kazi ya upishi katika shule moja ya bweni, na kwa miaka kumi na tisa akasonga ugali wa wanafunzi mia saba. Aliishi katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya bohari, ambako kanuni ziliandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Hakuruhusiwa kuwa na jiko la makaa wala wageni wa kulala. Hata msumari ukutani ulikatazwa, na ndiyo sababu nguo zake zilikaa kwenye katoni muda wote huo.

Siku alipohamia Kiminini, jambo la kwanza alilofanya ni kupigilia misumari. Alipiga kumi na mmoja, chumbani na sebuleni, ingawa vitu vya kuning'iniza vilikuwa vitatu tu. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena. Jioni mvua iliponyesha alikaa chini ya mabati yake akiisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Furaha ilimjia kwa njia ndogondogo zilizomshangaza. Angeweza kuchelewa kuamka. Angeweza kukataa kumfungulia mtu. Jirani yake Jepkorir, aliyefuga kuku ng'ambo ya ua, alipompigia kelele, "Mwenye nyumba, umeamkaje?" Edah aligeuka kuangalia ni nani anayeitwa hivyo.

Sasa mtu alikuwa akiuvunja mlango ule.

Panga lilipenya ubao mara ya kwanza, likachomolewa, likapenya tena chini kidogo. Vipande vya mbao vilirukia sakafu iliyolowa. Edah alifika jikoni kwa hatua nne na kurudi na mwiko wake. Watu wanaposikia mwiko hufikiria kijiko cha mti cha nyumbani. Huu ulikuwa mwiko wa shule, mrefu kama mpini wa jembe na mpana kichwani kama koleo, aliopewa na wapishi wenzake siku alipoaga. Mikono iliyousukuma kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imejaa misuli.

"Mama, kaa mbali!" mwanamume alisema alipopata nafasi ya kupitisha mkono ndani ili afungue komeo. "Sina shida na wewe. Mimi nabomoa tu."

"Unabomoa nyumba ya nani?"

"Wewe ndio utuambie!"

Edah aliushusha mwiko juu ya kifundo cha ule mkono. Mwanamume alipiga ukelele, panga likaanguka ndani, naye akarudi nyuma akiwa ameushika mkono kifuani. Lakini komeo lilikuwa limekwisha kulegea. Yule mama aliusukuma mlango kwa bega, akaingia na kumrukia Edah kabla hajauinua mwiko tena. Wote wawili waliteleza kwenye maji ya sabuni na kuanguka. Mama yule alimshika Edah nywele kwa mikono miwili, akaugonga uso wake sakafuni mara moja, mara mbili.

"Nyasi yangu ya nepia!" alilia huku akigonga. "Miezi saba tu nimeenda kuuguza mama yangu! Ng'ombe zangu zitakula nini, matofali?"

Edah alimpiga kiwiko cha tumbo, wakabingirika, akawa juu yake. Aliukaza mkono kooni mwa yule mama.

"Niliuziwa! Niliuziwa na Kabiru, na tuliandikiana!"

"Kabiru ni bwanangu!" mama alijibu kwa pumzi iliyobanwa. "Kwa simu aliniambia nepia iko sawa! Wewe ulikuja ukaniuliza saa ngapi?"

Mkono wa Edah ulilegea.

Alikuwa amekwisha kujua yule ni nani. Alikuwa Wacera, Mama Ndung'u, na jina lake Edah alilijua kwa sababu liliandikwa kwenye karatasi ya makubaliano, likifuatwa na mstari mtupu wa sahihi.

Makubaliano hayo yalifanyika mwezi wa tatu, nyumbani kwa mzee wa mtaa. Kabiru, mkulima wa miaka sitini hivi, ambaye baba yake alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, alikuwa akimuuzia Edah pembe moja ya shamba lake. Edah alikuja na kaka yake Wakoli kutoka Kamukuywa awe shahidi. Kuku alikuwa amechinjwa, na watu walikuwa na haraka ya kumfikia. Edah alipofika kwenye ule mstari, alisimamisha kalamu.

"Mama hayuko?" aliuliza.

"Mama Ndung'u ako Nyahururu kwa mamake mgonjwa," Kabiru alijibu. "Akirudi ataweka sahihi. Hiyo ni kitu ndogo."

"Si tungoje arudi?"

Wakoli alicheka. "Ati tungoje! Wewe dada, mwanaume auze shamba yake, angoje bibi amalize kuuguza? Huko kwetu umeona hiyo wapi?"

Wanaume walicheka naye. Edah aliuliza pia kuhusu bodi ya ardhi, ambako afisa huwauliza muuzaji na mkewe, ana kwa ana, kama wote wanajua shamba linauzwa. Wakoli alimpigapiga begani.

"Bodi ni baadaye. Jenga kwanza. Ukishajenga, nani atakutoa?"

Hivyo ndivyo wengi wanavyofanya pande hizo. Wanawahi kusimamisha ukuta, na ukuta unakuwa hoja yao. Edah alijua vizuri kuliko watu wote mezani maana ya kuuziwa ardhi chini ya miguu. Alijua, lakini alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na hakuwahi kupigilia msumari popote. Alitia sahihi.

Sasa Wacera alikuwa chini yake, anakohoa, midomo yake imejaa povu la sabuni na damu, ambayo hakuna aliyejua ni ya nani kati yao. Edah alikuwa akijaribu kuinuka ndipo waliposikia kelele nje.

Jepkorir ndiye aliyeanza. Aliona mwanamume akivunja mlango kwa panga, akafanya ambacho jirani yeyote mwema angefanya. Alipiga kamsa. "Wezi! Wezi jamani! Wanaua mwenye nyumba!"

Waendesha bodaboda wa kituo cha barabarani walifika kabla sauti yake haijakauka. Walikuwa saba, wakawa kumi na watano. Walimkuta Ndung'u, yule wa panga, uani, ameketi akiushika mkono uliovunjika, na hawakumuuliza jina. Wa kwanza alimpiga kwa helmeti kichwani. Wa pili alimpiga teke la mbavu. Mwingine alichukua tofali lililobaki kwenye ujenzi, akaliachia kwenye goti lake, na Ndung'u akalia kama mbuzi.

"Mimi si mwizi! Mimi ni wa hapa!"

"Nyinyi wote huwa wa hapa mkishikwa!"

"Leta tairi!"

"Kwanza hawa watu tumewazoea sana," sauti moja ilisema kutoka nyuma. "Warudi walikotoka!"

Wacera alitoka nje akiwa hana leso wala kiatu kimoja. Aliposikia maneno yale alisimama ghafla. Kiminini ina watu wazima wanaokumbuka mwaka wa uchaguzi ambao maneno hayo yaliteketeza nyumba, na Wacera ni mmoja wao. Alijitupa juu ya mwanawe.

"Ni mtoto wangu! Nimemzalia hapo juu, kwa ile nyumba mnaona! Ni mtoto wangu!"

Walimvuta kwa miguu. Mmoja alimpiga kofi lililomrusha kwenye rundo la kokoto. Kijana mwembamba mwenye jaketi jekundu, ambaye ilionekana wenzake wanamsikiliza, alimgeukia Edah aliyekuwa amesimama mlangoni, uso umevimba, sikio linavuja, mwiko mkononi. Mkononi kijana huyo alishika chupa ya petroli.

"Mama, ni huyu alikuvunjia? Wewe sema tu."

Edah hajamficha mtu yeyote yaliyompitia hapo. Alinyamaza. Aliona kwamba asiposema neno, mambo yatakwisha yenyewe. Mtoto atakufa kama mwizi, mama atahama kwa hofu, na Kabiru hatathubutu kufungua mdomo. Hakuna mtu duniani atakayeuliza tena kuhusu mstari ule mtupu. Nyumba itakuwa yake moja kwa moja. Aliiona hata rangi ambayo angeupaka mlango mpya.

Mtu alimpiga Ndung'u jiwe mdomoni. Jino lilitoka na kuangukia kwenye vumbi, jeupe, karibu na mguu wa Edah.

"Si mwizi," Edah alisema.

"Nini?"

"Nimesema si mwizi!" Sasa alikuwa akipiga kelele. "Hii shamba ni ya mama yake! Niliuziwa na bwana, huyu mama hakuulizwa! Mimi mwenyewe sikumuuliza!"

Wachache walirudi nyuma. Yule wa jaketi jekundu alicheka. "Mama amepigwa kichwa, hajui anasema nini." Akaanza kufungua kifuniko cha chupa.

Edah aliuzungusha mwiko kwa mikono miwili. Uliipata chupa, chupa ikapasuka, na vidole viwili vya yule kijana vikapinda vibaya. Alimpiga tena, safari hii begani, akamwangusha. Kisha akasimama juu ya Ndung'u, mguu mmoja kila upande wa mwili wake, na kumpiga aliyefuata kwenye nyonga, na mwingine kwenye sikio. Jiwe lilimpata mgongoni. Jingine lilimpata mdomoni. Hakuushusha mwiko. Jepkorir, ambaye sasa alielewa kosa lake, alikuja mbio na rungu la mumewe, akasimama naye mgongo kwa mgongo, akilia na kutukana kwa lugha mbili.

"Nimewaambia ni kosa yangu! Nilidhani ni mwizi! Rudini stejini, mbwa nyinyi!"

Walirudi polepole, wakinung'unika, wakimbeba mwenzao. Uani palibaki harufu ya petroli na wanawake watatu wanaohema. Wacera alitambaa hadi kwa mwanawe, akakiweka kichwa chake mapajani.

Jepkorir alimtazama Edah. "Woi, Mama. Unajua umesema nini mbele ya watu wote hao?"

"Najua."

"Sasa umebaki na nini?"

Edah aliingia ndani kutafuta shuka la kumfunga Ndung'u.

Ndung'u alilazwa Kitale na mbavu tatu zilizovunjika, mkono, goti, na jicho moja ambalo madaktari walisema wasubiri. Siku ya tatu Edah alikwenda kumwona. Wacera alikuwa kando ya kitanda akimnywesha uji. Alipomwona Edah alisimama, akamrushia kikombe kizima. Uji wa moto ulimtiririka Edah shingoni hadi kifuani. Muuguzi alikuja mbio. Edah alimzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Mama Ndung'u, nimekuja kukuambia kitu kimoja. Mimi nilifukuzwa kwangu Kamukuywa hivyo hivyo. Waliuza nikiwa jikoni. Halafu nikakufanyia wewe."

"Maneno yako yataletea ng'ombe nyasi?"

"Hapana. Bodi inakaa wiki mbili zijazo. Nimeomba tuitwe. Ukisema hapo hutaki, nitatoa mabati yangu na niondoke. Sitakupeleka kortini. Lakini useme wewe. Asikusemee Kabiru."

Wacera aliokota kikombe sakafuni. "Unanichezea?"

"Angalia hii shingo. Naonekana kama mtu anacheza?"

Wiki hizo mbili Edah alilala ndani ya nyumba ambayo huenda haikuwa yake. Hakununua kioo. Aliziba dirisha kwa katoni. Wakoli alikuja kutoka Kamukuywa na kumgombeza tangu mlangoni.

"Dada, umerogwa? Mtu ameshajenga, halafu anaenda kuomba ruhusa!"

"Wewe ndio ulisema hatungoji bibi."

"Na nitasema tena!"

"Basi sema ukiwa nje," Edah alimwambia, na kwa mara ya kwanza maishani akatumia haki ya mwenye nyumba. Alimfungia kaka yake mlango mbovu usoni. Kabiru naye alipita mara moja, akanong'ona uani, "Usimsikilize huyo mwanamke. Nyumba ni yako, tulishaandikiana." Edah alimtoa kwa mwiko.

Siku ya bodi walikaa kwenye benchi moja, Kabiru katikati, amevaa koti. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, alisoma namba ya shamba kisha akainua macho.

"Mke wa muuzaji ni nani?"

Wacera alisimama.

"Mama, unajua hii shamba inauzwa?"

"Anajua," Kabiru alisema.

"Sijakuuliza wewe, mzee."

"Nilijua nikiona nyumba imesimama," Wacera alijibu. "Mtoto wangu sasa anaona kwa jicho moja juu ya hiyo kujua."

Kabiru alimshika mkono juu ya kiwiko na kuukaza. Chumba kizima kiliona vidole vyake vikizama. "Kaa chini, usiniaibishe," alimwambia kwa meno. Wacera alipokataa kukaa, alimzaba kofi, palepale, mbele ya bodi. Askari wa mlangoni aliuzungusha mkono wa Kabiru mgongoni na kumlaza kifudifudi juu ya meza ya faili. Karatasi zilimwagika sakafuni. Edah alikuwa amekwisha simama, ngumi imekunjwa, lakini Wacera alimsukuma arudi kwenye benchi.

"Hii ni yangu," alimwambia. Kisha akajifuta mdomo na kumgeukia mwenyekiti. "Andika. Ile nusu eka ya chini, ya mtoni, iandikwe jina langu. Wacera. Si Mama Ndung'u, si bibi ya Kabiru. Ikiandikwa, nitaweka sahihi kwa hii ingine. Asipotaka, arudishe pesa ya watu ambayo ameshakula, na huyu mama atoe mabati yake."

"Ati nini?" Kabiru alisema, shavu likiwa juu ya meza.

"Umesikia, mzee," alisema mwenyekiti. "Mkiwa tayari mtarudi."

Kabiru alichukua mwezi mzima kuwa tayari. Hakuwa na pesa ya kurudisha, na wazee wa kanisa lake walikuwa wameanza kumuuliza habari za lile kofi. Bodi ilipokaa tena, nusu eka ya mtoni iliandikwa kwanza. Wacera aliisoma karatasi yote, neno kwa neno, kidole chake kikifuata mistari, huku watu wa zamu iliyofuata wakikohoa kwa kuchoka. Ndipo mwenyekiti akafungua faili ya Edah.

"Nani anauza hii?"

Kabiru alifungua mdomo.

"Naiuza mimi," Wacera alisema, akaweka sahihi.

Nje ya ofisi Edah alimfuata hadi getini. Shingo yake bado ilikuwa na kovu la uji, jekundu na laini.

"Usiniambie pole," Wacera alisema bila kugeuka. "Ng'ombe zangu zitapitia uani kwako kwenda mtoni. Kila asubuhi."

"Zipite," Edah alisema.